Sinia Linakwenda Mrama: Maswali na Majibu ya Gramafoni

*Shikamoo fundi. Nina gramafoni ya ufunguo, HMV 102, ya marehemu babu. Sinia, lile linalobeba santuri, linapanda na kushuka likizunguka. Nimeligonga ukingoni kwa nyundo, limezidi. Nifanyeje? (Barabara ya 8, Ngamiani, Tanga)*

Marahaba. Nyundo irudishe ilikotoka. Sinia likiyumba, mkosaji ni mmoja kati ya watatu: sinia limepinda, ekseli inayolibeba imepinda, au pale vinapokutana pana uchafu. Ukigonga kabla hujajua ni yupi, unaharibu kizima ili kifanane na kibovu.

Anza na sinia tupu, maana wengi wanaolalamikia sinia wana santuri iliyojikunja kwa jua la dirishani. Kama linayumba likiwa tupu, tia ufunguo mizunguko michache tu, rudisha mwendo uwe wa polepole kabisa, kisha egemeza mkono kwenye sanduku na ushushe chaki juu ya ukingo mpaka iguse kidogo. Itaandika upande uliopanda. Funga breki, na kwenye ncha ya ekseli tia nukta ya wino inayoelekea alama ya chaki.

Sasa acha kamani, yaani springi inayoendesha mota, iishe nguvu, utoe sinia. Mikono miwili, pande mbili zinazokabiliana, vuta juu sawasawa huku mwenzako akigonga ncha ya ekseli kwa mpini wa mbao, pigo dogo tu. Kama shingoni pana kipete cha waya, kitangulie kutoka. Anayechokonoa ukingo kwa bisibisi ndiye anayelipinda sinia, na nusu ya masinia mabovu ya mji huu yamepindwa hivyo. Lirudishe likiwa limegeuzwa nusu duara, ufute chaki, upime upya.

Chaki ikirudi palepale kwenye sinia, sinia ndilo limepinda. Ikihamia upande wa pili wa sinia, yaani imebaki kuelekea ile nukta ya wino, ekseli ndiyo iliyopinda. Ikiandika popote inapotaka, kila ukilitoa na kulirudisha, ni uchafu.

Kwa watu wa pwani, shuku uchafu kwanza. Hewa ya chumvi inaotesha kutu pale ekseli inapopanuka kubeba sinia, na kutu nyembamba kama karatasi pale katikati inatosha kuinua ukingo milimita nzima. Safisha ekseli na tundu la sinia kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kausha, pakaza mafuta ya cherehani, uyapanguse yabaki kama pumzi. Msasa usipitishe: mteremko ule umekerezwa kwa kipimo, na sinia linashikwa nao. Wala usiweke karatasi ya sigara kama kabari. Litatulia siku 2, kisha litaanza kuteleza.

Kama ni sinia, shika sumaku. Ikinata, ni bati la chuma na linanyooka. Liweke kwenye kioo kinene, ukingo chini, utafute panapocheza. Pengine limelala vizuri kabisa: basi kitovu chake kimelegea kwenye ribiti, na dawa ni kukaza ribiti, si kukunja bati. Kama linacheza kweli, weka vipande 2 vya mbao chini na ukandamize kwa kiganja palipoinuka, kidogo kidogo, ukipima kila mara. Sumaku isiponata, huenda ni sinia la kumwagwa. Usilikunje, litapasuka. Ekseli iliyopinda ipeleke kwa fundi wa kukereza mwenye geji, na umkataze kuichoma moto.

Yumbo lisilozidi milimita 1 liache. Kichwa cha sindano kitalifuata bila sauti kubadilika.

*Mafuta ya nazi yanafaa kwenye mota? (Pongwe)*

Hapana. Limeulizwa tena, na jibu halijabadilika. Yanaganda baridi ikiingia, yanachacha, kisha yanakuwa gundi inayokusanya vumbi. Tia mafuta ya cherehani kwenye ekseli na gavana, ile inayodhibiti mwendo, tone 1 kila beringi. Grisi kwenye meno mazito na kamani. Nywele ndizo zinazotaka nazi.

*Sauti inapepesuka kama mtu analia. Nanyoosha vipi sinia? (Bagamoyo)*

Nani kakwambia ni sinia? Hesabu mapepesuko. Santuri ya 78, yaani mizunguko 78 kwa dakika, huzunguka mara 1.3 kwa sekunde. Sauti ikipanda na kushuka kwa mdundo huo huo, tundu la santuri halipo katikati, au ile ncha nyembamba ya ekseli imepinda. Mapepesuko yakiwa ya haraka zaidi au hayana mpango, fungua utazame gavana. Ina vizito 3, kila kimoja juu ya kibapa chembamba cha springi. Kibapa 1 kikikatika, mzunguko unapoteza ulinganifu. Badilisha vyote 3 kwa pamoja, vya unene mmoja; kipya kimoja kati ya vizee viwili kitakurudisha ulipoanza. Kitambaa kinachobana kisahani cha gavana nacho kikikauka hulia na kushika kwa vishindo. Tone 1 la mafuta linatosha.

Pima mwendo santuri ikiwa inapigwa, si sinia tupu, kwa sababu uzito wa sindano unapunguza kasi. Chomeka kipande cha karatasi chini ya santuri, kitokeze nje, uhesabu mizunguko dakika nzima.

*Nimenunua gramafoni ya pembe la shaba yenye picha ya mbwa, inang'aa, lakini sinia linagusa ubao. Nimeuziwa kitu kibovu? (Bagamoyo)*

Umeuziwa pambo, dada yangu. Sanduku jipya, pembe jipya, na ndani mota iliyotolewa kwenye gramafoni ya mkononi. Tazama mipira chini ya skrubu za mota: ikiwa imekauka, mota imeinama. Kata vipande vya tyubu ya baiskeli, idadi ileile kila skrubu, na usikaze mpaka mpira upasuke.

*Naweza kupigia sahani za 45 za taarabu ya Black Star na Lucky Star? (Pangani)*

Usithubutu. Zile ni plastiki laini; sindano ya chuma na kichwa kizito kile vitachimba mtaro mara ya kwanza tu. Gramafoni ya ufunguo ni ya santuri ngumu za zamani za shelaki, kama alizorekodi mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad huko Bombay mwaka 1928. Na hizo pia zina masharti: sindano 1 kwa upande 1, kisha itupe. Usizifute kwa spiriti, inayeyusha shelaki.

*Yangu inauzwa bei gani? (Muheza)*

Hapa si mnadani.

*Kamani imekatika. Nifungue kopo lake mwenyewe? (Chumbageni)*

Ni utepe wa chuma wa mita kadhaa uliobanwa kwenye kopo la kiganja. Ukiruka unakata vidole. Mpe fundi, na mwambie chini ya ekseli huenda pana gololi ndogo; atandike kitambaa cheupe kabla hajaitoa.