Nyuso za watu wa Feri zinatoka nyeusi: ni kamera au ni mimi?

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uandishi wa habari hapa Dar es Salaam. Kwa kazi ya muhula huu nimechagua kupiga picha watu wa soko la samaki la Feri: wachuuzi, wapara samaki, akina mama wanaokaanga. Jioni nafuatilia mikutano na shughuli za mtaani kwetu. Natumia kamera ya mtumba yenye lenzi ya 18-55. Mchana nyuso zinatoka nyeusi, macho hayaonekani, na nyuma kunakuwa kweupe pe. Nikizing'arisha kwenye kompyuta zinajaa chengachenga na ngozi inakuwa kama majivu. Jioni ukumbini picha zinatikisika. Nimeweka akiba kidogo na wenzangu wananiambia ninunue kamera mpya. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Akiba yako iache kwanza ilipo. Kwa maelezo uliyonipa, kamera yako ni nzima. Inafanya ilivyotengenezwa kufanya, na wewe hujaanza kuiongoza.

Kipimo cha mwanga kilicho ndani ya kamera hakijui kinatazama nini. Kinachukua mwanga wote ulio kwenye fremu na kuuleta kwenye wastani, na wastani wake ni kijivu cha katikati, kile kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaokipiga. Sasa jione umesimama chini ya paa la soko, unampiga picha mama aliyeipa bahari mgongo. Robo tatu ya fremu ni maji yanayometameta na anga. Kamera inaona weupe mwingi, inahesabu kwamba mwanga umezidi, inaubana. Bahari inatoka vizuri kabisa, mama anabaki kivuli. Kati ya jua la saa sita na kivuli cha kawaida kuna tofauti ya kama stopu tatu. Kila stopu moja ni mwanga mara mbili, maana yake nje kuna mwanga mara nane kuliko pale alipo. Chini ya turubai zito inaweza kufika mara kumi na sita. Na hizo chengachenga zako zinaanzia hapohapo: uso haukupata mwanga wakati wa kupiga, halafu unaudai kwenye kompyuta kitu ambacho haukupewa.

Jambo hili lina historia, na napenda kila kijana anayeshika kamera kwetu aijue. Tangu miaka ya 1950, maabara za kusafisha picha za rangi zilisawazisha mashine zao kwa kadi ya kampuni ya filamu ya Kodak yenye picha ya mwanamke mweupe. Zikaitwa kadi za Shirley. Ngozi yake ikitoka sawa, picha zote zilihesabiwa kuwa sawa. Kodak walipoanza kuzirekebisha filamu ziweze kutofautisha kahawia na kahawia, sehemu kubwa ya msukumo ilitoka kwa watengenezaji wa samani na wa chokoleti, waliolalamika kwamba matangazo hayaonyeshi mbao na bidhaa zao zilivyo. Kamera za leo zimeendelea sana. Hata hivyo, kuamua ni uso wa nani upimwe kumebaki mikononi mwa aliyeishika.

Mimi mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza kazini, nilimpiga picha mzee mmoja mshona viatu, akiwa kibarazani, na barabara yenye jua kali nyuma yake. Kwenye skrini ya kamera alionekana kwa mbali, nikaridhika. Karatasi ya gazeti hunywa wino, vitone vya rangi vinatanuka, na kila palipo giza panazidi kuwa giza. Asubuhi mzee alinunua gazeti, akaiita familia nzima, na mjukuu wake akauliza, "Babu yuko wapi?" Kofia ilionekana. Uso ulikuwa doa. Nililipeleka ombi la msamaha mwenyewe kwa miguu, na tangu siku ile sijawahi tena kuiachia kamera inipimie uso wa mtu.

Njia ninayoitumia haihitaji kununua kitu. Nyoosha kiganja chako mbele ya lenzi kikiwa kwenye mwanga uleule unaompiga mtu wako usoni. Yeye akiwa kivulini, kiganja kiwe kivulini, na kielekee upande ambao uso wake umeelekea. Kijaze fremu, soma kipimo. Viganja vyetu ni vyeupe kuliko kile kijivu cha kamera, kwa hiyo ongeza mwanga kidogo, kwa wengi kati ya nusu stopu na stopu moja. Chako utakijua ukikijaribu siku mbili tatu. Kisha weka kamera kwenye M, yaani vipimo unavipanga mwenyewe, funga vipimo hivyo, na usiviguse mpaka mwanga ubadilike. Kwa kivuli cha kawaida cha mchana utajikuta karibu na ISO 400 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), f/5.6 (tundu la lenzi; namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) na spidi ya 1/400 ya sekunde. Ukitoka juani, ISO 100, f/5.6 na 1/800. Ukishavishika hivi viwili kichwani, unafika eneo la tukio kamera ikiwa tayari kabla hujaiwasha.

Kama mambo yanakwenda mbio na huna nafasi ya kupima, toa kamera kwenye M, iache ijipimie yenyewe, na utumie kile kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Nyuma kukiwa kweupe, peleka +1, hata +1⅔. Hapa naomba uwe makini, maana wengi wakishajifunza kuongeza wanaongeza kila mahali. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta mweusi au mlango wa ghala lenye giza, kamera inakosea upande wa pili: inaona giza tupu, inamwaga mwanga, na uso unatoka umepauka, jasho la kwenye paji limekuwa baka jeupe. Hapo shusha, −⅔ au −1.

Lakini vipimo ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni miguu yako. Tafuta mpaka wa kivuli, pale turubai au paa linapoishia. Mtu aliyesimama hatua moja ndani ya mpaka huo akitazama nje anapata mwanga mpana wa anga usoni, na nyuma yake kuna giza la ndani ya soko. Ngozi nyeusi hujieleza kwa mng'ao: ukingo wa shavu, mfupa wa pua, mdomo wa chini. Mwanga mpana unaotoka ubavuni huuchora mng'ao huo taratibu, ilhali flashi ya usoni huufanya mabaka. Mtazame mpara samaki anapoinama mezani. Kama karibu yake kuna sanduku jeupe la barafu, au sakafu imelowa na jua linaigonga pembeni, mwanga unapanda kutoka chini na kumwingia machoni, na magamba yaliyomganda mikononi yanawaka moja moja. Zunguka meza mpaka uuone mwanga huo. Unaweza kuzunguka nusu duara nzima na yeye asijue, kwa sababu kisu kimemshughulisha.

Nasema uzunguke wewe, nikiwa na maana. Mpiga picha wa habari hamwambii mchuuzi ahame, arudie kunadi, au amwinue tena samaki kwa ajili yake. Picha ya tukio ni ya tukio. Ukitaka picha rasmi ya mtu, msalimie kwanza, mweleze wewe ni nani na picha inakwenda wapi, akikubali muombe asogee mpaka wa kivuli, kisha maelezo yako chini ya picha yaonyeshe kwamba alisimama kwa ajili ya kupigwa. Akikataa, mshukuru na upite.

Kuhusu saa: Dar es Salaam jua hupanda karibu wima, kama nyuzi 15 kwa kila saa. Likichomoza kwenye saa kumi na mbili na robo, kufika saa mbili na robo limeshafika nyuzi 30, na muda si mrefu baada ya hapo linaanza kuyazamisha macho ndani ya vivuli vya nyusi. Siku za kwanza za Machi, na tena karibu na wiki ya pili ya Oktoba, jua la adhuhuri linakaa juu ya utosi kabisa. Bahati nzuri mnada wa samaki ni wa asubuhi, kwa hiyo habari na mwanga vinakuja pamoja. Amka.

Jihadhari na turubai la bluu. Mwanga unaopenya humo unampa kila mtu uso wa mgonjwa. Piga kwa RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata, ili uweze kurekebisha rangi baadaye, na kama inawezekana, msubiri mtu afike ukingoni. RAW ina faida nyingine kwa kazi yetu: mashindano makubwa kama World Press Photo huwataka washindani waonyeshe faili halisi, waone nini kimeguswa. Kuinua uso kidogo ili uonekane kama jicho lako lilivyouona ni sawa. Kumweupesha mtu ni kusema uongo kumhusu, hata kama yeye mwenyewe angefurahi. Ukimaliza kurekebisha, linganisha uso na mkono wake uleule kwenye picha. Vikitofautiana, umepitiliza.

Sasa ukumbini. Lenzi yako inafungua f/3.5 kwenye 18, lakini ukivuta hadi 55 inabaki f/5.6 tu. Kwa hiyo usivute, sogea. Kaa mstari wa mbele, piga kwa 18 hadi 24, panda ISO 3200 bila hofu: picha ya ISO 3200 iliyopata mwanga wa kutosha ina chenga chache kuliko ya ISO 800 uliyoiinua kwenye kompyuta. Spidi iweke 1/100. Umeme wetu ni wa 50 Hz, taa nyingi za LED na za mirija hupepesa mara 100 kwa sekunde, na ukienda 1/500 utaanza kuona mistari ya giza kwenye fremu. Kwa 1/100 msemaji anayerusha mikono atatikisika, hivyo mvizie anapomaliza sentensi. Kila mtu hutulia kidogo hapo, akitazama kama amesikika.

Baada ya miezi miwili ya kufanya hivi, ndipo uiguse ile akiba, na usinunue kamera. Tafuta lenzi ya mtumba ya 50mm f/1.8 inayoingia kwenye kamera yako. Inapitisha mwanga zaidi ya mara tisa kuliko hiyo yako ikiwa imevutwa. Kabla ya kulipa, imulike kwa tochi uone kama ina ukungu ndani, maana joto na unyevu wa pwani huzila lenzi zilizofungiwa kabatini.