Maswali ya Wasomaji: Kuunda Mfano wa Meli kwa Njia ya Waholanzi

Swali: Nimeunda mifano kadhaa ya meli za mbao kwa kufuata michoro ya kununua, na yote huanza kwa namna moja: mkuku (mti wa chini kabisa, uti wa mgongo wa meli), kisha mataruma (mbavu za meli) ya plaiwudi yaliyokwisha kukatwa, ndipo mbao zifuate. Sasa nataka kuunda meli ya Waholanzi ya karne ya 17, na nimesoma kwamba wao walitangulia kuunga mbao za chini kabla ya kutia mataruma. Ubao hukaaje bila taruma la kuushika, na je, kazi hiyo yafaa mezani? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Yafaa, ingawa itakulazimu uache mazoea uliyoyapata kwenye michoro ya kununua. Ulichosoma ni kweli kwa viwanda vya kaskazini mwa Uholanzi, hasa vya Amsterdam. Nicolaes Witsen, ambaye baadaye alikuwa meya wa mji huo, aliieleza kazi hiyo hatua kwa hatua katika kitabu alichokichapa mwaka 1671, akichukua kwa mfano pinasi, aina ya meli ya Waholanzi ya wakati huo, yenye urefu wa futi 134. Mafundi walilaza mkuku, wakasimamisha fashini, yaani miti ya wima ya mwisho wa mkuku, moja ya omo (mbele) na moja ya tezi (nyuma), kisha wakapanga mbao za chini kila upande, ukingo kwa ukingo bila kupandana. Kilichozishika ni vibao vifupi vilivyopigiliwa misumari kwa muda, kila kimoja kikikatiza maungio ya mbao mbili. Chini palikuwa karibu bapa, na kwa sababu hiyo kazi ilikwenda haraka. Ugumu ulianza pale tumbo la meli linapokunja kupanda ubavuni, ambapo ubao ulipindwa kwa kuupasha moto upande mmoja na kuulowanisha maji upande wa pili. Umbo lilipokwisha kupatikana ndipo mataruma ya chini yalipochongwa yakae ndani yake, yaani taruma lilifuata ubao.

Usivuke mpaka, hata hivyo, ukadhani meli nzima iliundwa hivyo. Ubavu wa juu ulisimamishiwa mataruma kwanza, yakashikwa kwa mkanda mrefu wa mbao uliotoka omo hadi tezi, ndipo ukavikwa mbao. Tena kusini, kwenye viwanda vya mto Maas, mafundi walitanguliza mataruma machache tangu mwanzo, kama Cornelis van Yk alivyoandika mwaka 1697. Ukiandika chini ya mfano wako kwamba ni “njia ya Waholanzi”, sema ni ya wapi.

Mezani, kaza mkuku kwenye ubao mnene uliosawazishwa, na uweke viguzo vidogo chini ya mbao ili kuamua mwinuko wa kila upande. Vibao vya kushikia vipigilie kwa misumari myembamba, wala usivigandishe kwa gundi, kwa maana utavibandua vyote mataruma yakishaingia. Matundu yatakayobaki yazibe kwa vijiti vya mianzi vilivyochongwa, kwani mafundi wenyewe nao waliyaziba yao kwa vijiti vya mti, na vizibo hivyo, vikiwa katika mistari, ndivyo vinavyowaonyesha wanaakiolojia leo kwamba chombo kilichozama kiliundwa kwa njia hii. Waundaji wengi wa mifano huficha matundu hayo kwa rangi. Mimi naona ni hasara, kwa kuwa ndiyo ushahidi pekee wa kazi uliyoifanya.

Swali: Bila michoro, vipimo navipata wapi? (Huyo huyo)

Jibu: Katika uwiano. Witsen anaanza na urefu wa meli, na kwa kila futi 10 za urefu anaipa fashini ya omo inchi 1 ya unene; unene huo ndio unaozaa vipimo vingine vingi. Pinasi yake ina upana wa futi 29 na kina cha futi 13. Hapa wengi huteleza, kwa sababu futi ya Amsterdam ni sentimita 28.3 na ina inchi 11, si 12. Kwa kipimo cha 1 kwa 50, inchi moja ya Amsterdam inakuwa karibu nusu milimita, fashini ya omo karibu milimita 7, na meli nzima karibu sentimita 76. Nakushauri uchukue kipimo hicho, maana hesabu yake haisumbui.

Kwamba fundi alifanya kazi kwa uwiano na jicho kulimuudhi mgeni mmoja mashuhuri. Tsari Peter wa Urusi alifanya kazi katika kiwanda cha meli cha Amsterdam mwaka 1697, na alipoona hakuna wa kumfundisha hesabu ya umbo kwenye karatasi, alikwenda Uingereza mwaka uliofuata. Wewe jicho utalihitaji: meli mbili za vipimo sawa hazikutoka sawa kabisa, na mfano wako nao usiulazimishe. Ab Hoving, aliyekuwa mtengenezaji wa mifano ya meli katika Rijksmuseum, jumba la makumbusho la Amsterdam, aliiunda pinasi hiyo kwa kufuata maelezo ya Witsen, kwa hiyo njia imekwisha kupimwa.

Swali: Mbao gani zafaa, nikiwa Afrika Mashariki? (Msomaji, Arusha)

Jibu: Meli zenyewe zilikuwa za mwaloni, lakini mwaloni una nyuzi nene mno kwa mfano mdogo, na mvule nao una vinyweleo vinavyoonekana. Tafuta masalio ya podo kwa seremala, kwani nyuzi zake ni laini na zimenyooka. Kwa mbao za kukunja tumbo, zilowekwe katika maji ya moto kisha zipindwe taratibu juu ya bomba la chuma lililopashwa, na jaribu kwanza kwenye kipande usichokihitaji.