Siku mbili za kutembea Istanbul kwenye baridi ya Januari, nizipangeje?

SWALI: Habari za kazi. Mimi nina duka la nguo Kariakoo, katikati ya mwezi wa kwanza nasafiri Istanbul na mume wangu kuchukua mzigo, tutafikia Laleli kama kawaida. Kazi tunamaliza Ijumaa, Jumamosi na Jumapili tuko huru, Jumatatu mchana tunaelekea airport. Nishaenda mara tatu na sijaona kitu zaidi ya maduka na hoteli. Safari hii nataka nitembee na tungependa tusali Ayasofya. Naambiwa baridi ni kali na giza linaingia mapema, sasa siku mbili zitatosha? Nichukue yale mabasi ya watalii ya ghorofa? Na Kapalıçarşı nataka niende Jumapili kwa utulivu. Naomba unipangie.

JIBU: Dada yangu ahsante kwa swali, na umenirahisishia sana kutaja siku na mtaa mnaofikia, maana bila hivyo viwili hakuna mpango.

Naanza na hiyo ya mwisho kwa sababu ndo itakuharibia kila kitu ukiiacha. Kapalıçarşı Jumapili wanafunga. Lote. Ni soko lenye paa na milango yake, maduka kama elfu nne, na Jumapili milango inafungwa kabisa, sio kwamba wanafungua nusu siku. Hili nalisema kwa uchungu, mwaka wangu wa kwanza kwenye kazi hii ya kupanga safari nilipeleka watu saba mwezi wa pili, soko nikaliweka Jumapili saa nne asubuhi kabla ya kwenda airport, tumefika na manyunyu yanatupiga tukakuta milango imefungwa, na kulikuwa na mama mmoja wa Temeke alikuwa ameweka hela ya bangili za bintiye za harusi, amekuja na hela yake na akarudi nayo. Hakunilaumu hata kidogo na hilo ndo liliniumiza zaidi. Tangu siku ile kitu cha kwanza naangalia ni siku za kufunga, afu ndo mengine. Kwa hiyo soko ni Jumamosi, na kwa bahati nzuri kasri la Topkapı linafunga Jumanne, halikugusi.

Sasa giza. Waliokwambia giza linaingia mapema hawajakosea sana ila wamekuelekeza upande ambao sio. Saa za Istanbul na za Dar ni zilezile, maana Uturuki 2016 waliacha mambo ya kurudisha saa nyuma kipindi cha baridi, wakabaki saa tatu mbele ya Greenwich mwaka mzima kama sisi. Lakini wenyewe wako magharibi yetu nyuzi kama kumi, jua linawafikia likiwa limechelewa, na juu ya hapo ni baridi, mchana wenyewe mfupi, masaa tisa na nusu hivi. Matokeo yake katikati ya Januari jua linachomoza saa mbili na nusu asubuhi! Kuzama linazama karibu na saa kumi na mbili jioni. Linganisha na hapa nyumbani mwezi huohuo, linatoka saa kumi na mbili na dakika ishirini na kuzama saa moja kasorobo. Umeona? Jioni unapoteza chini ya saa moja, ila asubuhi unapoteza zaidi ya mbili. Na sisi watu wa Dar tumezoea saa kumi na mbili tuko barabarani, ukitoka hotelini muda huo utakuta ni usiku wa manane, barabara tupu, baridi ndo iko kileleni, mtazunguka saa mbili nzima mmechoka kabla siku haijaanza. Salini alfajiri, ambayo kipindi hicho inaingia kama saa kumi na mbili na dakika hamsini, rudini kitandani au kaeni na kifungua kinywa chao, kile cha zeituni, jibini, mayai na asali, kaeni nacho taratibu, saa mbili na nusu ndo mtoke.

Na mwanga huo mchache ugawe hivi: vitu vya nje katikati ya mchana, vitu vya ndani asubuhi na jioni, na kila siku upande mmoja tu wa mji. Mkianza kuruka Sultanahmet, Taksim, kisha ng'ambo ya Asia ndani ya siku moja mtaishia kuangalia mgongo wa kiti cha mbele.

Jumamosi kaeni mji wa kale. Laleli mko pazuri kuliko unavyodhani, tramu ya T1 inapita hapohapo na Sultanahmet ni vituo vitatu tu mbele, kununua Istanbulkart unanunua kwenye mashine kituoni, ni kama kadi ya mwendokasi ila hii inafanya kazi kwenye tramu, metro, basi na boti. Anzeni na msikiti wa Sultanahmet, ule wa minara sita uliojengwa 1609 mpaka 1616, ndani una vigae zaidi ya elfu ishirini vya rangi ya buluu. Kuingia ni bure. Nauweka asubuhi kwa sababu ya kitu ambacho watu wengi hawakipigii hesabu: wageni wanatolewa wakati wa swala, na kwenye baridi swala zinasogeleana, adhuhuri ni kama saa saba na robo, alasiri inaingia kabla ya saa kumi, magharibi saa kumi na mbili. Yaani mchana ule kila mnapofika mnakuta foleni inasubiri watu wamalize kusali. Asubuhi hakuna kikwazo hicho.

Ukivuka uwanja ndo Ayasofya. Dada, hapa msikimbie. Jengo limekamilika 537 likiwa kanisa, wakati wa mfalme Justinian, kuba lake lina upana wa mita kama thelathini na moja na ukisimama chini yake unashindwa kuelewa limeshikiliwa na nini, likawa msikiti 1453, likageuzwa makumbusho miaka ya thelathini, na 2020 likarudi kuwa msikiti. Tangu Januari 2024 watalii wana mlango wao, wanalipa euro 25 na wanaishia ghorofa ya juu, chini ni kwa wanaosali. Nyinyi mnataka kusali, basi msilipe kitu, ingieni adhuhuri kwa mlango wa waumini, wewe na mtandio wako. Kama mtataka pia kuziona zile picha za kale za vigae vidogo vidogo huko juu, hiyo euro 25 mnaitoa asubuhi wakifungua saa tatu, mimi kwa mtu anayefika mara ya kwanza nasema itoeni.

Kati ya hapo na adhuhuri shukeni Yerebatan, lile tangi la maji la chini ya ardhi la karne ya sita, nguzo 336 zimesimama ndani ya maji na taa hafifu, ni hatua chache kutoka Ayasofya. Mvua ikinyesha, na Januari inanyesha kweli, hapo ndo kimbilio. Baada ya swala na chakula tembeeni kwa miguu kufuata reli ya tramu kurudi juu mpaka Kapalıçarşı, ni mwendo mfupi, linafungwa saa moja usiku kwa hiyo giza likiingia nyie mko ndani kwenye joto na taa. Mkitoka hapo, kama miguu inauma, jirani kabisa kuna hamamu, yaani bafu la mvuke, ya Çemberlitaş, ya 1584, kazi ya yule mjenzi mkubwa Sinan, wanawake kwao na wanaume kwao. Kama mmewahi kuingia Hamamni pale Unguja mkaona vyumba vitupu, hii ndo ile ikiwa bado ina moto na mvuke.

Jumapili asubuhi Topkapı. Masultani walikaa humo karibu miaka mia nne, na kuna chumba cha vitu vitukufu, joho la Mtume limehifadhiwa humo na Qurani inasomwa mchana na usiku bila kukatika, nimepeleka watu wengi pale na sijaona aliyetoka bila kunyamaza kidogo. Ni kubwa, tengeni masaa matatu, na kutoka jengo hadi jengo ni uwanja wazi, ndo maana koti muhimu. Halafu teremkeni Eminönü, kule kwenye gati za boti, soko la viungo la Mısır Çarşısı lenyewe Jumapili linafungua, kuleni mkate wa samaki au supu ya adesi, mchana saa nane pandeni boti ya abiria kwenda Üsküdar. Boti ya kawaida ya wananchi, unagonga kadi unapita kama unavyovuka Kigamboni, dakika ishirini hivi, na wakati huo umekatisha kutoka Ulaya kwenda Asia. Kaeni ng'ambo mpaka jioni kwa sababu jua linazama upande wa mji wa kale, ile minara yote mliyoitembelea jana mnaiona imesimama myeusi kwenye anga jekundu. Kwangu mimi hicho ndo kitu kizuri kuliko vyote Istanbul na hakina tiketi.

Kuna upepo wa kusini wanauita lodos, ukivuma bahari inachafuka na boti zinasitishwa. Msihangaike, nendeni kituo cha Sirkeci mchukue Marmaray, treni inayopita chini ya bahari tangu 2013, kituo kimoja tu, dakika nne mko Üsküdar.

Mabasi ya ghorofa hapana. Raha yake ni kukaa juu wazi, na Januari juu huko hakukaliki, chini madirisha yana ukungu, na foleni ya Istanbul mnaijua. Vile visiwa vya kwenda kwa boti navyo viacheni mpaka kiangazi, na ule mnara wa Galata utazameni kutoka darajani inatosha.

Nguo: joto ni nyuzi tatu mpaka tisa na ni baridi yenye unyevu, aliyewahi kulala Makete mwezi wa saba ataielewa. Usinunue koti moja zito ukadhani umemaliza, vaa tabaka, fulana ya mikono mirefu inayobana, sweta, juu jaketi lisilopitisha maji, kwa sababu ndani ya maduka na tramu kuna hita na utataka kuvua. Karume kwenye mitumba utapata vyote kabla hujaondoka. Soksi za sufu beba pea za kutosha, misikitini mtavua viatu na vikilowa siku imeharibika. Na mkisikia ubaridi barabarani nunueni salep, maziwa mazito ya moto yenye mdalasini. Boza itawakumbusha togwa, ni nafaka iliyochachushwa, ila ina kilevi kidogo sana kwa hiyo amueni wenyewe.

Mzigo wote kago Ijumaa hiyohiyo, Jumamosi mikono iwe mitupu.

Jumatatu asubuhi msiipangie kitu. Upepo wa kaskazini mashariki ukipita juu ya Bahari Nyeusi unabeba unyevu na kuumwaga mjini kama theluji, tarehe 24 Januari 2022 uwanja wa ndege ulisimamisha safari kabisa, na uwanja wenyewe uko kilomita kama arobaini kutoka mlipo. Kama theluji ipo, tokeni mapema sana. Kama haipo, Kapalıçarşı linafungua saa mbili na nusu, na kama kuna bangili ulizosita kuzinunua Jumamosi, una saa mbili za kuzirudia.