Kwa nini ulikwenda Tanga wewe

Mwanangu,

Jumapili tulipokuwa tukimenya viazi uliniuliza, "Mama, kwa nini mlinipeleka mimi kwa bibi, mdogo wangu akabaki?" Nikainuka, nikasema naenda kuzima jiko. Jiko lilikuwa limezimwa zamani. Uliona, ukanyamaza. Miaka yote nimekujibu kwamba kodi ilitushinda. Si uongo, lakini si yote.

Baba yako aliletwa Nairobi kupika hotelini, na kibali chake cha kazi kilikuwa cha mwajiri yule mmoja tu. Mwaka 1997 walipopunguza wafanyakazi, kazi ikaenda na kibali kikaenda. Tukabaki Watanzania wawili ndani ya chumba kimoja cha udongo Majengo, Pumwani, bila karatasi. Jioni baba yako hakupita njia kubwa. Askari akimdai kipande hana cha kumwonyesha ila noti, na noti yenyewe ndiyo unga wa kesho. Mimi Gikomba nilikuwa nanunua vitambaa kwa kunyoosha kidole, maana nikifungua mdomo tu naulizwa, "Mama, wewe ni wa Tanzania?" na bei inapanda. Kisha zikaja mvua za El Niño. Ukuta wa upande wa kitanda ukadondoka, cherehani ikalowa, na mdogo wako wa miezi minane kifua kikaanza kulia kama filimbi.

Hapo tukasema mmoja wenu aende kwa bibi. Baba yako alitaka aende mdogo wako, kwa sababu Tanga kuna joto na kifua kingepona. Alikuwa na hoja. Aliyekataa ni mimi. Nilisema mtoto bado ananyonya, na kweli alikuwa ananyonya. Nisilolisema ni kwamba nilikuchagua wewe kwa sababu hukuwa unalia. Ulikuwa na miaka minne, unavaa viatu mwenyewe, ukiambiwa subiri unasubiri. Nikajiambia huyu ataweza. Asiyesumbua ndiye aliyesafirishwa.

Ilikuwa Januari 1998. Barabara ya Mombasa ilikuwa imeliwa na mvua, tukalala ndani ya basi. Kwenye feri ya Likoni ukaniuliza kama maji yale yote yametoka kwenye chumba chetu. Kutoka Horohoro mpakani hadi Tanga ilikuwa vumbi tupu. Nilikaa kwa bibi yako, Ngamiani, siku tatu, nikaondoka alfajiri ukiwa umelala. Bibi yako ndiye aliyenishauri niondoke hivyo. Mpaka leo sijui kama alinishauri vizuri.

Kila nikipata kitambaa nilikushonea gauni, nikampa utingo wa basi alifikishe. Kipimo nilichukua kwa mtoto wa jirani, rika lako. Simu ilikuwa ya kibandani, inameza sarafu kabla hamjamaliza salamu, na bibi mpaka akaitwe aje dukani. Mabomu yalipolipuka Nairobi na Dar es Salaam asubuhi moja, tarehe 7 Agosti 1998, alisikia redioni akakaa siku mbili hajui kama tuko hai. Nilipompata alilia kwanza, halafu akakupa mkonga. Ukasema shikamoo, ukanyamaza. Nikakuuliza, "Unanijua?" Ukajibu, "Ndiyo, wewe ni mama wa Nairobi."

Hilo sijamwambia mtu, hata baba yako.

Mwaka 1999 marais watatu walitia sahihi mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kule Arusha. Baba yako akanunua gazeti akalibandika ukutani, anasema sasa sisi si wageni tena. Nikamwuliza kama linalipa kodi. (Upepo lilizuia, sikatai.) Kilichotuokoa ni mpishi mwenzake aliyempeleka kwa mwajiri mwingine, huyo akamwombea kibali. Desemba 2000 nikaja kukuchukua.

Ulirudi na miaka saba na Kiswahili cha Ngamiani. Ukisema "naomba maji" watoto wa Majengo wanaanguka kwa kicheko. Hazikupita wiki nyingi, Sheng ukaijua kuliko wao, shikamoo ikabaki ya kwenye simu na bibi. Usiku ulijifunika kanga yake. Siku niliyotaka kuifua ulilia hadi majirani wakagonga mlango. Ndiyo mara yangu ya kwanza kusikia kilio chako chote. Sikuifua, na ilinuka, mwanangu, ilinuka.

Mdogo wako naye ana lake. Alikua akidhani wewe ulichaguliwa na bibi kwa kupendwa, yeye akaachwa na pumu yake. Muulize siku moja.

Ndani ya mzigo wako bibi alikuwa amekunja magauni yangu yote, tisa. Ulikuwa umevaa mawili tu. Mengine yalikuwa makubwa. Labda mtoto wa jirani alikuwa mnene, labda wewe ulikuwa umekonda. Niliogopa kumwuliza bibi.

Nimeona binti yako ametimiza minne mwezi uliopita, na nadhani ndipo swali lako lilipotoka. Magauni bado yako sandukuni. Lile la njano la vifungo mbele huenda likamfaa, ila silipunguzi wala silipanui kwa kukisia. Jumapili mlete nimpime.

Mama yako