Pampu ya 3L: nani kakwambia uiseti kwa sikio?

Mkuu, weka hiyo spana chini kwanza. Unasema pampu ya dizeli ya Hilux yako yenye injini ya 3L imetoka kubadilishwa sili, unataka kuirudisha mwenyewe, na fundi kakuelekeza ulegeze nati za flanji injini ikiwa inaunguruma, uivute taratibu "mpaka isikike tamu". Utamu huo ndio unaoua pistoni. Bili ya ushauri kama huo nimeshailipa, sitaki uilipe na wewe.

Ukivuta pampu hivyo unawahisha dizeli, yaani inapulizwa mapema kwenye silinda, na injini inachangamka. Ukikanyaga inaitika, sauti inakuwa kali, nawe unaamini nguvu imepatikana. Kumbe dizeli inawaka pistoni ikiwa bado inapanda, presha inafika kileleni mapema mno na kuisukuma chini wakati kranki inaipandisha. Kipigo hicho kinapokelewa na beringi za konrodi, gasketi ya hedi na hedi yenyewe, na hedi za familia ya L (3L na ndugu zake) hazisubiri kisingizio kikubwa ili zipasuke. Ukitembea mtaani bila mzigo hutaona kitu. Pakia tani moja, panda mlima wa Kitonga, halafu uje utuambie ule utamu umeishia wapi.

Wala pampu haihitaji kusogea sana. Pampu inazunguka nusu ya mwendo wa kranki, kwa hiyo digrii 1 yake ni 2 za kranki. Nati ikiwa mm 50 kutoka katikati ya shafti, ukiisogeza mm 1 umehamisha zaidi ya digrii 2 za kranki. Sikio gani linasikia milimita? (Langu ni zima, asanteni, hata kwaya wananikubali.)

Hawa mafundi wa sikio! Nozeli (kipulizia dizeli) imechoka, injini inanoki (inagonga), wanazungusha pampu. Hewa imeingia kwenye mipira, wanazungusha pampu. Gasketi ikiungua, eti dizeli ya siku hizi ni chafu.

Tafuta dayo geji (saa ya kupimia sehemu ndogo za milimita) na adapta yake, hata ya kuazima. Pistoni namba 1 iwe juu kabisa, valvu zake zote mbili zimefunga, alama za mkanda zimekaa. Funga pampu kwa kulinganisha mstari wa flanji na wa injini, lakini mstari huo ni wa kuanzia tu. Nyuma ya pampu, katikati ya mabomba manne ya nozeli, kuna plagi. Itoe, funga geji, ncha yake ibonyezwe kama mm 2. Wenzo wa kuwashia injini ya baridi uachie. Ukibaki umevutwa, geji itasoma zaidi. Rudisha kranki nyuma digrii 25 hadi 30, mpaka mshale uache kutembea, weka sifuri. Sasa zungusha mbele polepole mpaka alama ya puli ioneshe pistoni namba 1 iko juu kabisa, soma. Ukipitiliza usirudi kidogo tu, anza upya, maana ulegevu wa mkanda utakudanganya.

Kipimo sahihi cha geji kiko kwenye kitabu cha injini hiyo, usichukue cha jirani. Ukisoma pungufu, geuza mwili wa pampu kinyume na mzunguko wa shafti yake. Ikizidi, fuata mzunguko. Kaza, kisha zungusha kranki kwa spana mizunguko miwili kamili na upime TENA, kwa sababu kukaza nati kwenyewe kunaisogeza pampu. Ikikwama njiani usilazimishe: mkanda umeruka na valvu imekutana na pistoni. Jino moja tu la mkanda ni zaidi ya digrii 10 za kranki.

Geji kwanza, stata baadaye. Hata fundi akisema ana miaka 30 kazini, muulize geji yake iko wapi.

Plagi irudishe na washa (pete) mpya ya shaba, la sivyo itavuja. Toa hewa, washa injini. Ikinoki baada ya hapo, kamata nozeli, pampu usiiguse.