Jani la Nyanya Lisilale Limelowa

Kwa misimu kadhaa nilitegemea dawa pekee kupambana na bakajani, ugonjwa wa ukungu unaotia madoa majani ya nyanya, na kila mvua ilipokolea ugonjwa ulirejea. Nilichelewa kutambua kwamba mbegu za ukungu huhitaji jani libaki na unyevu kwa saa kadhaa ndipo ziote na kupenya ndani, nami nilikuwa nikimwagilia juu ya majani kila jioni, yakalala yamelowa hadi asubuhi. Sasa namwagilia asubuhi, tena shinani tu.

Chunguza kwa makini jani la chini lenye bakajani tangulia, moja ya aina mbili za bakajani: doa la kahawia lina miviringo iliyozungukana, mmoja ndani ya mwingine, na pembeni jani limegeuka manjano. Ugonjwa huanzia huko chini kwa sababu tone la mvua likigonga udongo mtupu hurusha matope yenye vimelea hadi kwenye majani yaliyo karibu. Kwa hiyo natandaza nyasi kavu kuzunguka mashina, na miche ikishakomaa naondoa majani yote yaliyo chini ya sentimita 30 kutoka ardhini. Kazi hiyo naifanya majani yakiwa makavu, kwani mikono iliyolowa umande hubeba ugonjwa kutoka mche hadi mche.

Nafasi ya sentimita 60 kati ya miche na 90 kati ya mistari, pamoja na miti ya kuegemezea, huruhusu upepo upite na kukausha majani mapema. Najua inauma kuacha ardhi wazi, lakini kwangu miche iliyobanana ndiyo iliyotangulia kuugua.

Bakajani chelewa, ile aina ya pili, ni jambo jingine. Ukiona madoa meusi yaliyoloa, yenye utando mweupe chini ya jani asubuhi ya baridi, ng'oa mche huo siku hiyohiyo, uufukie mbali na shamba, kisha umwone afisa ugani kuhusu dawa, kwa kuwa vimelea vyake husafiri na upepo na usafi wa shamba peke yake hautatosha.

Baada ya mavuno naondoa masalia yote, na kwa miaka 3 sipandi hapo nyanya, viazi mviringo, bilinganya wala pilipili. Napanda mahindi au maharage. Mnyauko fuzari, ugonjwa mwingine wa ukungu unaonyausha mche, hata hivyo, hudumu udongoni muda mrefu zaidi ya huo, na shamba likishapata ugonjwa huo natafuta mbegu zinazouhimili.