Maswali ya Wasomaji: Moyo wa mtoto kwanza, michango ifuate

SWALI: Binti yangu ana miezi minne, ana sindromu ya Down. Akinyonya anatokwa jasho kichwani, anachoka haraka na uzito hauongezeki. Zahanati wamesikia mlio usio wa kawaida kwenye moyo. Majirani na wenzangu wa kikoba wanataka kunichangia. Tuanzie wapi?
Mama, Korogwe

JIBU: Pole kwa mahangaiko, mama, na hongera kwa kuziona dalili hizo mapema. Anzeni na kipimo cha eko ya moyo, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, tena wiki hii. Takriban nusu ya watoto wenye sindromu ya Down huzaliwa na hitilafu ya moyo, mara nyingi tundu kati ya vyumba vya moyo. Tundu likiwa kubwa, damu nyingi hukimbilia mapafuni, na mishipa ya huko huzidi kukakamaa. Ikishakakamaa, upasuaji hauwezekani tena hata fedha zikiwepo. Ndiyo maana matundu makubwa hurekebishwa mapema, mara nyingi ndani ya miezi sita ya mwanzo. Ukiambiwa "ngoja kwanza anenepe," usikubali kabla daktari wa moyo hajamwona, maana huenda ni moyo wenyewe unaomzuia kunenepa. Omba rufaa hospitali ya wilaya, upite Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Tanga, hadi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Akihema kwa shida au midomo ikigeuka bluu, hiyo ni dharura. Usisubiri rufaa wala mchango.

Kwa sasa mnyonyeshe kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili hivi, kichwa kikiwa juu kuliko tumbo. Shika titi kwa vidole vitatu vya mwisho, kisha kidole gumba na cha shahada vibane mashavu yake taratibu huku kidevu kikiegemea katikati. Misuli ya taya lake ni legevu, inahitaji egemeo hilo. Akichoka, kamua maziwa yaliyobaki umpe kwa kikombe kidogo. Mpime uzito kila wiki na uandike.

Sasa michango. Msitangaze kiasi chochote kabla ya kupata makadirio ya hospitali kwa maandishi. Kwanza pitieni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kuuliza msamaha na wafadhili. Huenda pengo likawa dogo kuliko mnavyodhani. Kwenye bajeti ongezeni nauli, chakula na malazi ya mlezi, maana hapo ndipo familia nyingi hukwama zikiwa zimeshafika Dar.

Kamati ya watu watatu inatosha, mmoja wao atoke nje ya familia. Tumieni akaunti ya kikundi ambayo mtu mmoja hawezi kutoa fedha peke yake, na jina linalotokea kwenye simu ya mchangiaji lifanane na lile mlilotangaza. Jina likiwa geni, watu husita, na wana haki. Daftari liwe na safu mbili: ahadi na fedha taslimu. Msipange safari kwa kuhesabu ahadi. Malipo yaende moja kwa moja hospitali kwa kontrolo namba, na picha ya risiti iwekwe kwenye kundi siku hiyohiyo. Fedha zikizidi zitafanya nini? Amueni kabla ya kuanza, la sivyo ndipo ugomvi utakapozukia.

Ombi moja: msisambaze picha za mtoto akiwa uchi au analia. Semeni anahitaji upasuaji wa moyo, muweke na makadirio. Huyu ni binti wa watu, atakua na kuziona picha hizo.

SWALI: Bibi yake anauliza, akifanyiwa upasuaji, hali ya Down itaisha?

JIBU: Haitaisha. Ana kromosomu ya 21 (kifurushi cha vinasaba ndani ya seli) tatu badala ya mbili, na upasuaji unatengeneza moyo tu. Bibi ajue kwamba wengi hutembea karibu na miaka miwili, wengine baadaye, kwa hiyo mazoezi ya viungo yaanze daktari wa moyo akisharuhusu. Homoni ya thairoidi, tezi iliyoko shingoni, ipimwe akiwa na miezi sita, mwaka mmoja, kisha kila mwaka. Masikio nayo yapimwe mara kwa mara, kwani maji hujikusanya nyuma ya ngoma ya sikio na mtoto akachelewa kusema kwa sababu tu hasikii vizuri.